Ukurasa wa Tatu

Jarida letu tulilipa jina refu la kisomi. Wakubwa wakaliita Kiherehere, watu wakalipenda hilo, na mwishowe hata sisi tukalizoea. Kwa miaka thelathini na nane Kiherehere halikumsifu mkubwa yeyote aliyekuwa bado kitini, wala halikuchapa tusi lisilo na jina la mwandishi. Huo ndio ulikuwa msimamo wetu, na ulitupunguzia marafiki vizuri sana.

Tulikuwa na sheria moja ya ndani. Maoni ya wahariri, ukurasa wa tatu, yalisomwa kwa sauti mezani, kisha kila mhariri alitia sahihi pembeni. Mmoja akikataa, maoni hayatoki, na hakuna kuziba nafasi kwa tangazo la sabuni. Ukurasa unakwenda mtupu. Aliyeitunga ni Mwalimu, mwanzilishi wetu, na tulimtania nayo miaka mingi kwa sababu haikuwahi kutumika.

Kisha siku moja ikatumika. Wauguzi walikuwa wamegoma, na mia mbili wakafukuzwa kazi. Mwalimu aliandika maoni makali, akayasoma, akatia sahihi. Wakili, mhariri wa pili, akatia yake. Nikabaki mimi, msahihishaji niliyepandishwa cheo mwaka huohuo. Nikasema hoja zimelegea.

Hazikuwa zimelegea hata chembe. Asubuhi ile mtu nisiyemjua alinisalimia kwa adabu mlangoni kwa kinyozi, akaniuliza hali ya mama, akataja wodi aliyolazwa na namba ya kitanda. Kumi na saba. Wenzangu sikuwaambia, nikajifanya hodari wa hoja. Mwalimu alinitazama kidogo, akafunika kalamu yake.

Ukurasa ukatoka mweupe, juu yake maneno mawili tu: Maoni Yetu. Watu wakashangilia. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema, wakaubandika kwenye kuta za maduka. Wakubwa nao waliusoma vivyo hivyo, na Mwalimu akafungwa miezi minane kwa ukurasa wenye maneno mawili. Ningecheka, lakini alirudi na kikohozi ambacho hakikumwacha hadi kaburini. Hakumwambia mtu kwa nini ukurasa ulikuwa mtupu, hata mkewe. Mezani nilikuta kiti changu kilekile kinanisubiri. Laiti angenitukana.

Wakili naye ameshatangulia. Tulibaki wahariri wawili: mimi, na binti wa Mwalimu aliyeshika nafasi ya baba yake. Ananiita baba mdogo. Mke wangu alifariki, wanangu wako mbali na wana shughuli zao. Huyu binti ndiye aliyenipigia simu kila Jumapili saa nne asubuhi, na kwa ajili ya simu hiyo nilikuwa nanyoa ndevu.

Mwezi uliopita alikuja kuniambia tunafunga. Wasomaji wameisha.

"Toleo la mwisho uandike historia yetu, baba mdogo. Ukurasa wa tatu ni wako. Na usije ukausahau ule mweupe."

"Huo nitausahau vipi, mwanangu?"

Niliandika siku tisa. Nilijua kabisa: nikisema kweli nitampoteza, nikidanganya nitakuwa na Jumapili zangu hadi nife. Siku ya kumi nikachoka kuogopa, nikaandika kweli.

Nikamsomea mezani kwa sauti, kama sheria inavyotaka. Yule mtu wa kwa kinyozi, kitanda namba kumi na saba, hoja ambazo hazikulegea. Nikatia sahihi, nikamsogezea kalamu. Hakuishika.

"Baba alijua?"

"Alijua nimekataa. Sababu sikumwambia."

"Akakaa ndani miezi minane, na bado akakufichia."

"Ndiyo, mwanangu."

"Mimi nimewakuza wanangu nikiwaambia babu yao alifungwa kwa kusimama imara. Leo niwaambie alifungwa kwa sababu wewe uliogopa?"

"Alisimama imara. Aliyeanguka ni mimi."

"Hapana. Hiyo sitii sahihi."

Nilitaka kumshika mkono, nikaona aibu. Alikuwa ameshabeba mkoba wake.

"Sheria unaijua, mzee," alisema, akatoka.

Mzee. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniita hivyo.

Toleo la mwisho limetoka, na ukurasa wa tatu ni mtupu. Watu nisiowajua wananipigia: hongereni, mmeaga kishujaa, hata mwisho hamkutetereka. Nawajibu asante, maana nimwambie nani?

Leo ni Jumapili. Nimenyoa ndevu, nimekaa karibu na simu. Sasa ni saa sita. Imelia mara tatu, na zote zilikuwa pongezi.