Nusu Volti

Wanawake wengine hushindana na mwanamke mwenzao, kwa mapishi, kwa mavazi, kwa maneno. Mimi nilishindana na kompyuta mbili na jenereta moja ndani ya chumba cha mabati huko Birere, mtaa wa Goma, ng'ambo ya mpaka, na nikashindwa. Nasema mapema ili asije mtu akanisikiliza akidhani mwisho wake ni mtamu.

Chumba kile kilikuwa cha Diane. Watu walikwenda pale kucheza michezo ya kompyuta na kulipa kwa saa. Mume wangu, Faradji, alikuwa dereva wa lori mpaka mwaka 1998, lori lilipopinduka kwenye kona ya chini ya Mahoko na kumvunja mguu mahali pawili. Mguu ulipona ukiwa umepinda, na hakuna tajiri anayempa lori mtu asiyeweza kukanyaga klachi. Miezi minane alilala hapa Gisenyi akitazama dari. Kisha dereva mwenzake akamvusha Goma kumchangamsha, na huko akaona mchezo wa magari ambao klachi yake ni kidole. Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi alishika magongo yake akavuka barriere ndogo, kivuko cha mpakani cha waendao kwa miguu, pamoja na wanawake wenye mabeseni ya kabichi, akarudi jioni mpaka ukikaribia kufungwa. Siku mbili hakurudi kabisa. Alisema alichelewa mpakani. Mimi nilikuwa nimeshasikia habari za Diane kuwa hana mume, na nikajiambia kwamba mwanaume mzima halali nje kwa ajili ya magari ya kwenye kioo.

Basi nikaamua. Kama ni kompyuta anayoifuata, nitamtengenezea ya kwake, aicheze kwangu. Nikifaulu, mume wangu anabaki nyumbani. Nikishindwa, nimemkabidhi kwa Diane kwa mkono wangu.

Sikuwa nikijigamba bure. Nimezaliwa Ujiji, na kabla ya kuolewa nilifanya kazi Kigoma kwenye ofisi moja ya misaada, ambako fundi wa kompyuta alikuwa mvivu kiasi kwamba alinifundisha kazi yake yote ili yeye akanywe chai. Hapa Gisenyi nachapa barua za watu kwenye duka karibu na soko, na kompyuta za tajiri wangu zikifa, mimi ndiye ninayezifufua. Kutengeneza haikuwa shida. Shida ilikuwa mama mkwe.

Nyumba ni yake, na Mama Nyirasafari tangu miaka ile ya risasi hulala sikio likiwa mlangoni. Redio kwetu huwashwa wakati wa habari tu, halafu inazimwa. Saa ya ukutani aliitoa betri kwa sababu ilimsumbua. Nilipomweleza habari ya kompyuta aliacha kuchambua mchele.

“Mi sitaki kitu yenye kulia mu nyumba yangu,” akasema. “Ikilia, nitasikia namna gani mutu mwenye anakuja?”

“Hailii, mama.”

“Kompyuta yote inaliaka. Ile ya ofisi ya komini niliisikia, inalia sawa mashini ya kusaga.”

“Yangu haitalia.”

“Bon. Siku itakayolia, inatoka. Na mwenye kuileta anatoka nayo.”

Nikaipokea amri hiyo kwa kiburi. Nilisema moyoni kwamba bibi huyu, ambaye kwa miaka minne ameniita Mutanzania kana kwamba ni jina la ugonjwa, nitamwonyesha.

Niliuza cherehani yangu, nikakaa wiki mbili na karatasi. Mtu asiyejua anadhani kompyuta hununuliwa kama sahani, ukichukua hii na ile zote zinakaa mezani. Vipande vya kompyuta ni kama wakwe. Kila kimoja kina masharti yake, na ukikosea sharti moja ndoa imekufa. Nilianza na ubao mkuu, ule ambao kila kitu huchomekwa juu yake, kwa sababu Valentin, muuza vifaa wa Goma, alikuwa na mmoja tu mzima. Ulikuwa wa zamani kidogo. Ulitaka memori zile fupi, na zinaingia mbili mbili kama viatu, moja peke yake haifanyi kazi. Haukuwa na tundu la kadi mpya za picha, kwa hiyo nikaandika kadi ya aina ya zamani. Na prosesa, ambayo ndiyo ubongo, ubao ule uliilisha volti tatu nukta tatu, hauna namna ya kupunguza, na prosesa inayolishwa kupita kiasi chake huungua. Nikaandika prosesa ya kasi ya mia sitini na sita, nikapigia mstari mara mbili: volti 3.3.

Halafu nikaondoa kelele moja moja. Kinacholia kwenye kompyuta ni feni. Ile ya pawa saplai, kisanduku cha umeme, sikuweza kuitoa, lakini nilijua jinsi ya kubadili nyaya zake izunguke polepole mpaka isisikike. Ile ya juu ya prosesa niliifuta kwenye orodha. Badala yake nilitoa kwenye amplifaya iliyokufa bamba kubwa la alumini lenye meno, nikalisugua kwa tupa likakaa sawasawa, kwa sababu prosesa ndogo kama ile huweza kupoa kwa bamba peke yake. Hadi diski nayo hunguruma na kutetemesha kasha, kwa hiyo nikapanga kuining'iniza ndani kwa vipande vya mpira wa tairi la baiskeli. Spika sikuandika kabisa. Orodha ile ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na bado naamini hivyo.

Mama Nyirasafari alinisindikiza mpaka kwenye lango asubuhi niliyokwenda kununua.

“Na uombe matabishi,” akasema. “We unanunuaka sawa muzungu. Unalipa, unasema asante, unatoka. Watu wanatucheka.”

Matabishi ni nyongeza. Katika mji huu na ule wa ng'ambo, bei ikishakatwa na pesa ikishatoka, mnunuzi husimama palepale hatoki mpaka aongezwe kitu: nyanya mbili, kifungo cha shati, chochote. Asiyeomba huonekana ana dharau, au mjinga. Mimi sikuwahi kuomba. Kwetu nilifundishwa kwamba bei ni bei, na kwa sababu hiyo miaka minne yote nilirudi sokoni nikiwa na pungufu kuliko majirani, na mama mkwe akanihesabia kila nyanya.

Kwa Valentin kila kitu kilikwenda kama karatasi ilivyosema. Alitoa ubao, memori mbili, kadi, diski, prosesa ya mia sitini na sita. Nikaangalia kila kimoja, nikalipa. Nilikuwa nimeshafunga furushi. Hapo ndipo nikamkumbuka yule bibi langoni, nikasimama.

“Na matabishi, papa Valentin?”

Valentin akafurahi kweli. “Aa! Leo mama amekuwa mutu wa hapa!” Akavuta droo, akapekua, akatoa prosesa nyingine. “Rudisha ile kidogo. Kamata hii, mia mbili makumi tatu na tatu. Inakimbia kupita ya Diane. Iko inalala hapa miezi sita.”

“Itaingia?”

“Inaingia. Tundu ni moja.”

Nikaigeuza. Chini yake kulikuwa kumeandikwa, kwa herufi ndogo lakini safi kabisa, volti 2.8. Niliisoma. Sitaki mtu aseme sikuiona. Niliisoma, nikaitoa kwenye tatu nukta tatu, nikapata nusu volti, nikajiambia nusu volti ni nini, redio za watu hapa zinakula zaidi ya hiyo umeme ukitikisika. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kitu kizuri hakilali kwenye droo miezi sita kikigawiwa bure. Lakini nilikuwa naisikia sauti ya Valentin ikisema inakimbia kupita ya Diane. Na nilikuwa naona jinsi nitakavyomwambia mama mkwe: nimeomba, nimepewa. Nikaichukua.

Nilivusha vipande kwa siku tatu, ndani ya beseni, vimefungwa kwenye nailoni chini ya unga wa muhogo, kwa sababu ukivusha vyote pamoja mpakani wanataka makaratasi. Siku ya nne nikaunganisha. Prosesa iliingia kwenye tundu bila kubishana. Nikabonyeza swichi, kioo kikawaka, na hapakuwa na sauti yoyote. Nilimwita Mama Nyirasafari. Alisimama pale muda mrefu akiwa ameinamisha kichwa, akaenda mlangoni, akarudi, akaweka sikio juu ya kasha lenyewe.

“Inaishi?” akauliza.

“Inaishi, mama. Na prosesa ni ya matabishi.”

Akanitazama, na kwa mara ya kwanza akaniita mukazana wangu, jina la mke wa mwana. Nilikwenda jikoni nikalia kidogo kwa furaha. Mjinga mimi.

Faradji alicheza siku tatu mfululizo. Alikaa mbele ya kioo tangu asubuhi, mguu mbovu juu ya kigoda, hasemi neno. Nikimletea chai anasema asante. Nikimuuliza kama gari linakimbia anasema linakimbia. Nilidhani ndiyo raha yenyewe hiyo, mwanaume aliyetulia nyumbani kwake. Kila nikipita niligusa bamba la alumini. Siku ya kwanza lilikuwa la moto. Siku ya pili sikuweza kuweka kidole. Dawa ilikuwa feni, na feni ingelia, na siku itakayolia tunatoka sote wawili, mimi na kompyuta. Nikajiambia kazi ya alumini ni kupata moto.

Siku ya nne, saa tano asubuhi, kioo kikaganda gari likiwa katikati ya daraja. Halafu kikawa cheusi. Harufu ilinifikia nikiwa uani, kama plastiki iliyoangukia jiko la makaa. Nilipong'oa bamba, prosesa ilikuwa imebadilika rangi katikati, na tundu la ubao limeyeyuka upande mmoja. Vyote viwili vilikuwa vimekufa. Kwa nusu volti.

Faradji hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alinyanyuka, akachukua magongo, akasema, “Si kitu, Saidati,” akatoka. Jioni hakurudi. Kesho yake hakurudi. Wiki ikaisha. Mama Nyirasafari aliacha kuniita mukazana, akaacha kuniita chochote.

Jumatatu nilivuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa Diane, nimevaa kitenge changu kizuri na maneno nimeyapanga. Nikamkuta mlangoni, mtu mzima kuliko mama yangu mdogo, kavaa sweta la kiume, anajaza mafuta kwenye jenereta.

“Unatafuta Faradji?” akasema. “Iko mule. Umwambie alipe essence yangu mbele ya kulala tena ku banc.”

Kumbe usiku alilala kwenye benchi, tena anadaiwa mafuta. Ningemkuta Diane kijana, amejipaka rangi ya mdomo, ameweka mkono begani kwa mume wangu, ningejua la kufanya. Hasira yangu yote ilikosa pa kukaa.

Ndani jenereta ilitikisa mabati. Feni za kompyuta zile mbili zilipiga kelele, spika zilipasuka kwa milio ya breki, na madereva watano, mmoja hana mkono, walikuwa wanapiga mayowe kama wako uwanjani. Faradji alikuwa katikati yao. Alikuwa anacheka, kinywa wazi mpaka magego yanaonekana. Tangu ajali sikuwa nimemwona akicheka hivyo, na siku zile tatu kwangu hakucheka hata mara moja.

Ilinibidi nimpigie kelele sikioni. “Faradji, twende nyumbani. Kosa nimelijua. Ilikuwa nusu volti tu. Nitatengeneza nyingine.”

“Usitengeneze.”

“Kwa nini?”

“Ile yako ilikuwa muzuri. Mi ndiyo sikuiweza.” Macho yake yalikuwa kwenye kioo. “Mule mu nyumba hakuna kitu inalia. Mama anasikiliza mulango. We unasikiliza mama. Mi ninasikiliza muguu yangu usiku na mchana. Hapa siisikie. Nikifika hapa, donc, muguu hauko.”

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kushika yale magongo nivunje vioo vyote viwili. Wiki mbili za karatasi, cherehani yangu, mikono yangu iliyochubuka kwa tupa, yote hayo nilimjengea kitu kile kile alichokuwa anakikimbia.

“Ungeniambia,” nikasema.

“Haukuniulizaka, Saidati. Ulikuwa unatengeneza.”

Hakulisema kwa ubaya, na hakugeuka, kwa sababu gari lake lilikuwa linaingia kwenye kona. Dereva mmoja akanisogezea stuli. Nikakaa, nikangoja amalize mzunguko wake. Akamaliza, wenzake wakapiga makofi, akaanza mwingine.