Maziko Mawili ya Ma Kajuna

Siku iliyoharibu kila kitu ni Jumatano, tarehe kumi na nne Juni, mwaka 2023. Nilikuwa Miembeni, Bukoba mjini, kwenye kibanda changu cha kutengeneza baiskeli, nimeigeuza baiskeli ya mwalimu mmoja magurudumu juu, simu ikaita. Alikuwa Zahoro, mwenye duka kijijini kwetu, upande wa Muleba, ambako mwanamume huitwa Ta na mwanamke Ma.

"Ta Rwekaza, uko wapi?"

"Kazini."

"Acha kazi, ndugu yangu. Alistidia ametutoka. Jeneza limeshafika hapa kwenu. Ma Anatolia amepiga yowe, watu wamejaa."

Alistidia ni mke wangu. Asubuhi ile ile alikunywa chai nyumbani kwetu Nshambya, akanicheka kwamba nimekosea vifungo vya shati, kisha akapanda gari la kituo cha televisheni kwenda kurekodi; wapi na nini, sikuuliza. Nilidandia pikipiki mpaka Muleba, nalia njia nzima na upepo unanikausha. Nafika, namkuta mke wangu amekaa kwenye jamvi katikati ya migomba, lubugo, ile nguo ya gome la mti, limemwangukia miguuni, anawashika watu mikono mmoja mmoja na kuomba radhi. Wenye kamera wako pembeni wanacheka mpaka wameshika matumbo.

Sasa nieleze, maana wapo waliomwona kwenye televisheni tu wakadhani wanamjua.

Alianzia kanisani, kwaya ya Kilutheri, hapo hapo Nshambya. Mchezo wa Krismasi walimpa nafasi ya mke wa mwenye nyumba ya wageni. Maneno yake yalikuwa matatu: "Hakuna nafasi hapa." Akayasema vizuri. Badala ya kuondoka akamgeukia Yusufu, akamtazama toka kichwani mpaka kwenye kandambili, akamuuliza: "Kwanza wewe ukoo wako ni upi?" Kanisa zima lilicheka, mchungaji akavua miwani kufuta machozi. Mimi nilikuwa benchi la nyuma. Nilisema moyoni, huyu nitamwoa, na nikamwoa.

Baadaye ndiyo kituo kikamchukua, wakampa mchezo wa kila wiki, akawa Ma Kajuna: mama anayejua kila kitu kuliko daktari na mbunge, mkoba kwapani, na mkobani kahawa za kutafuna. Kwetu mgeni akifika hupewa kahawa, hata kama huna kingine cha kumpa. Ma Kajuna alikuwa anamnyooshea mgeni kiganja chenye kahawa, na mgeni akiwa mwongo au mwenye majivuno, mkono wake ukikaribia tu, kiganja kinafumba, pa! Hakuwahi kukosea. Hata watoto wa Dar es Salaam waliiga. Hapakuwa na mwingine kama yeye katika nchi hii, na hilo silisemi kwa sababu nilikuwa mumewe.

Sasa huyo Kagaruki, mkubwa wa vipindi, akataka sehemu ambayo Ma Kajuna anajifanya amekufa ili asikie nani atamlia. Alistidia akasema sawa, lakini majirani waambiwe kwanza. Kagaruki akamjibu kwamba mtendaji wa kijiji ameshaambiwa na atawatangazia wote. Mtendaji hakumtangazia hata mbuzi. Baadaye Kagaruki alisema ni uzembe wa mtendaji, mtendaji akasema aliombwa anyamaze ili kilio kitoke cha kweli. Wakubwa ndivyo walivyo. Kosa wanapeana kama mpira, na goli linafungwa kwako.

Basi gari likafika na jeneza. Kwetu yowe la msiba likisikika jembe linawekwa chini, hakuna anayelima tena mpaka matanga yaishe. Watu wakaacha mashamba wakaja na ndizi na kuni. Wakamkuta amelala, amefunikwa lubugo, nguo tunayomsitiria marehemu. Ma Anatolia, jirani yetu aliyemlea tangu mdogo, akamwangukia kifuani akalia kilio cha mama. Alistidia akasikia kwamba hicho si cha mchezo. Hakungoja aambiwe. Akainuka, akasema, "Ma Anatolia, bojo, nakusihi, nisamehe, mimi mzima!"

Watu walitimka. Zahoro alipitia ua wa nyuma akaacha kandambili zote mbili. Ma Anatolia peke yake hakukimbia. Alisimama, akajifuta uso kwa kanga, akasema taratibu:

"Umeniliza machozi ya kifo chako. Sina mengine. Siku ukifa kweli usinitumie mtu."

Alistidia alizunguka nyumba kwa nyumba na kahawa mkononi kuomba radhi. Wengi walipokea. Ma Anatolia alifunga mlango. Na Kagaruki akakirusha kipindi kama kilivyo, na kile kicheko cha kurekodiwa wanachopachika, na nchi nzima ikacheka.

"Walicheka sana," Alistidia aliniambia. "Lakini wewe Rwekaza, siku yenyewe ikifika, nani atakuja?"

Nilimwambia watakuja. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Siku yenyewe ilifika mwaka uliofuata, Septemba. Presha ilimwangusha asubuhi akianika nguo, hatukufika naye hospitalini akiwa hai. Saa sita mchana nilimpigia Kagaruki mwenyewe. Nilitaka jambo moja: atangaze kwenye televisheni kwamba Alistidia amekufa, kweli kweli, si mchezo, watu waje wamzike.

"Ta Rwekaza, pole sana, waitu, ndugu yangu," akasema. "Niachie mimi."

Nikamwachia. Tulifika Muleba jioni na jeneza, na uwanja wa nyumba ulikuwa mtupu. Dada yangu Agnetha alipiga yowe mpaka sauti ikakauka. Nikasikia majembe yanaendelea kule bondeni. Wawili watatu walisimama barabarani, wakachungulia juu ya mapaa na kwenye migomba wakitafuta kamera.

Nikaenda dukani kwa Zahoro kuwaita. Walikuwa wamejaa mbele ya televisheni. Na kwenye televisheni, saa mbili usiku, baada ya taarifa ya habari, nilimwona mke wangu amelala chini ya lubugo. Wakubwa walikuwa wamerudisha kipindi kile kile. Eti kumuenzi. Hakuna neno lililotangulia, hakuna lililofuata. Kicheko cha kurekodiwa kikapasuka, na dukani nao wakapasuka.

"Amekufa," nikasema.

"Tunaona!" mmoja akajibu, akielekeza kidole kwenye kioo. "Sasa hivi anaamka!"

"Ta Rwekaza na wewe umeshakuwa mwigizaji?" akasema Zahoro. "Safari hii siachi kandambili zangu."

Wakacheka. Nisingeweza kuwapiga. Hawakuwa wao waliobonyeza kitufe.

Asubuhi nilikwenda kwa Ma Anatolia. Nilipiga magoti mlangoni, mwanamume mzima, nikamwambia kaburi halina wa kulichimba. Alichukua fimbo yake akatangulia, na nyuma yake watu wakaanza kufuata mbali mbali, wengine wanatabasamu, maana walijua mama huyu hana utani na wakataka kuona atamfanya nini Ma Kajuna.

Aliingia ndani. Akakaa kando ya mke wangu, akamfunua uso.

"Alistidia," akasema, "nimekuja kukufumania. Huchoki?"

Akainua macho kwenye dari.

"Kamera ziko wapi? Umezificha darini? Haya, nimekuletea kahawa. Tuone ujanja wako."

Akauchukua mkono wa mke wangu, akaufungua vidole, akaweka kahawa katikati ya kiganja. Akangoja. Mlangoni na dirishani wote tulitazama kile kiganja. Nami, Mungu anisamehe, nilingoja kifumbe.

Kahawa zikabingirika, zikadondoka kwenye mkeka.

Ma Anatolia aliziokota moja moja. Kisha akainua uso, na sauti iliyotoka pale, nasema kweli, iliwafikia wa bondeni. Majembe yakanyamaza. Zahoro akavua kofia, akashika chepe, akawa wa kwanza kuchimba. Mpaka mchana hapakuwa na mahali pa kukanyaga. Nilikuwa nimemwambia watakuja, na walikuja.

Kagaruki naye alikuja, na miwani myeusi na hotuba. Akasema taifa limepata pengo. Nikasimama mbele ya watu wote nikamuuliza swali langu. Akasema si mahali pake. Nikamfuata ofisini Bukoba. Georgina wa mapokezi akasema bosi yuko kikaoni. Wa kurusha vipindi akasema agizo lilitoka juu. Wa juu akasema hayo ni ya wa kurusha vipindi. Mimi nimeishia darasa la nne, lakini najua kusubiri, na kila wiki napeleka baiskeli yangu naiegemeza kwenye ukuta wao, naingia, nauliza tena lile lile.

Kagaruki, nilikwambia saa sita mchana kwamba mke wangu amekufa. Kati ya saa sita na saa mbili usiku, ni nani aliyesema: wekeni ile ya maziko?