Mbegu za Mama Nyuki

Mtaa mzima ulimwita Mama Nyuki, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Kila asubuhi, kabla umande haujakauka, utamkuta uani kwake na brashi ndogo ya rangi, anapita ua hadi ua akifanya kazi ya nyuki. Mmea wenyewe ni mtambaazi. Majani yake yana ncha zilizojikunja kama kidole kinachokuita, na kwa ncha hizo hushika kamba, waya, fito, chochote kilicho karibu, ukapanda. Maua yake ni mekundu yenye kingo za njano, yamesimama juujuu kama moto wa jiko, ndiyo maana watu wakauita ndimi za moto. Lakini ua lile lina maringo, jamani! Sehemu inayotakiwa kupokea chavua imejipinda pembeni, imeipa mgongo chavua yake yenyewe. Usipolifungisha ndoa kwa mkono wako, mbegu utazisikia kwenye redio.

Na mbegu ndizo zilizoilisha nyumba ile na kuwasomesha watoto wao wawili shule ya bweni. Kampuni moja ya dawa ilizinunua zikishakauka, ikatengeneza vidonge vya jongo, ule ugonjwa unaovimbisha viungo na kupenda zaidi kidole gumba cha mguu. Kwenye kidonge, kilichopimwa na watu wenye mizani yao, ni dawa. Kwenye ganda lake ni sumu, tena sumu isiyo na utani. Mama Nyuki hakuwa na mzaha na jambo hilo. Glavu zake hazikuvuka mlango wa jikoni. Nguo za shamba zilikuwa na kamba yao peke yake. Mbegu zilianikwa juu ya turubai, nyuma ya wavu, mbali na kuku na mbali na watoto wa watu.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na mtaani alijulikana kwa jina hilo tu: Fundi. Alishonea chumba cha mbele, mlango wazi, ili apate wa kuongea naye. Mikono yake ilikuwa safi, mdomo wake hapana.

"Ee, mke wangu kaenda kulisha nyoka wake," angewaambia wateja akisikia mlango wa uani. "Siku moja nitachukua panga, nifyeke ule uchafu wote."

Dada yake mkubwa, ambaye Mama Nyuki alimwita wifi na kumwogopa kidogo, alicheka kuliko wote. Naye hakuupenda mmea ule hata chembe.

Sasa basi, jongo likamshika nani? Fundi huyo huyo. Kidole gumba kikavimba, kikawa chekundu, hata shuka likikigusa anapiga yowe. Mguu wa kukanyagia cherehani ukawa hauna kazi. Daktari akamwandikia vidonge, akamwambia apunguze nyama na pombe. Siku hiyo pale nyumbani wifi alikuwapo, na Baba Mdogo wa Fundi alikuwapo, mzee mmoja mpenda hotuba na mpenda sahani. Mama Nyuki akasema kwa furaha, "Unajua vidonge hivi vinatoka kwenye mbegu kama zangu?"

Loo! Bora angenyamaza. Fundi alikisukuma kile kipakiti kama kimemuuma.

"Niponywe na lile jani lako? Bora nife na kidole changu."

Wifi akampigia makofi, akamwahidi maji ya ndimu kila asubuhi. Maji ya ndimu yakaletwa. Na baada ya muda, kweli, kidole kikanywea. Cherehani ikaanza kuimba tena. Wifi akatembea mtaani kifua mbele, kila mwenye goti bovu akapewa habari za ndimu. Mama Nyuki alifurahi pia. Alimpenda mumewe, mdomo na yote, na hakujali nani kashinda. Alichoshangaa ni kitu kimoja tu: Fundi alianza kukaa uani jioni, karibu na turubai, anasema anapunga upepo.

Halafu ikaja ile siku. Ilikuwa mchana kweupe, wanawake wanatoka sokoni. Mama Nyuki alisikia cherehani imenyamaza katikati ya mshono, kisha kishindo. Alipofika chumba cha mbele alimkuta Fundi amejikunja sakafuni, anatapika, anajishika koo.

"Koo linaungua," alisema. "Maji. Tumbo, mama watoto, tumbo!"

Akampa maji, yakarudi. Akavuta lile blanketi la kupigia pasi ili amfunike, maana alikuwa anatetemeka. Blanketi lilipokunjuka, vikamwagika sakafuni vipande vya maganda ya mbegu, vya kahawia, vigumu, vimepondwa. Pasi ya mkaa ilikuwa pale pembeni, kitako chake kina vumbi la rangi ile ile. Na ndani ya droo ya cherehani, iliyokuwa wazi, ilikuwamo kastabini yake, ile kofia ya chuma ya kuvaa kidoleni asichomwe na sindano. Ndani yake mlibaki unga kidogo.

Mama Nyuki alisimama kama amepigwa msumari. Akamtazama mumewe. Mumewe akamwona anavyotazama. Akafumba macho.

Hospitalini walijaa wote: wifi na kilemba kimemlegea, Baba Mdogo anahema, majirani wawili waliosaidia kubeba. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya kukata maneno, akauliza mara moja, "Amekula nini?"

"Chakula cha nyumbani tu," alisema Fundi.

"Hakuna kingine? Dawa? Mizizi? Chochote?"

"Hakuna."

Daktari akawageukia. "Sikilizeni. Nikijua ni nini, najua pa kuanzia. Nisipojua, nabahatisha, na huyu hana muda wa kubahatishiwa. Kama kuna mtu anajua, aseme sasa hivi."

Mama Nyuki aligeukia kitanda. Mumewe alikuwa amelala pale, midomo imekauka, na alikuwa anamtazama. Macho yale yalikuwa yanambembeleza. Nifichie, yalisema. Naye alijua kabisa, akifungua mdomo wake, atakachokisikia wifi si jina la mmea. Atasikia kwamba sumu imetoka uani kwa mke. Nani atakayeamini kwamba Fundi, Fundi yule aliyeapa mbele ya watu, alikula mbegu zile mwenyewe?

Akapiga moyo konde.

"Ni mbegu za ndimi za moto," alisema. "Mbegu zangu. Zimepondwa. Kiasi sijui, lakini nadhani si leo tu."

Daktari hakungoja mengine. Kitanda kikasukumwa, mlango ukafungwa. Na pale kwenye korido wifi akaachia mdomo.

"Si leo tu!" alisema. "Mmemsikia? Anajua mpaka siku alizompa! Ulikuwa unamlisha kaka yangu sumu polepole, wewe mwanamke?"

"Wifi, mimi sikumpa. Alichukua mwenyewe, kwa ajili ya kidole."

"Kidole kilipona kwa ndimu yangu!"

Mama Nyuki alimtazama Baba Mdogo, na Baba Mdogo akaanza kutazama viatu vyake.

Fundi hakufa. Alikaribia, kwa siku kadhaa alikuwa wa huku na wa kule, lakini hakufa, na daktari alisema wazi kwamba ni kwa sababu walijua mapema. Shukrani za neno hilo hazikumfikia Mama Nyuki. Wifi aliweka kiti chake mlangoni mwa wodi, na chakula chochote kutoka kwa Mama Nyuki kiliishia hapo mlangoni. Alipata nafasi moja tu, wifi alipokwenda kuchota maji. Akaingia. Fundi alikuwa amekonda, na juu ya mto kulikuwa na mafungu ya nywele zake. Sumu ile huacha alama hiyo ikishapita: nywele hung'oka kama za mwanasesere.

"Umeniokoa," alinong'ona.

"Basi waambie."

"Nitasema."

"Lini? Wananiita mchawi, baba watoto. Jirani yangu amenirudishia bakuli langu, kaliacha nje ya geti, hakutaka hata kunipa mkononi. Watoto wakija likizo watayasikia haya. Waambie leo."

"Nikitoka. Mbele ya wote, kwenye kikao. Naapa." Na machozi yakamtoka, machozi ya kweli, akamshika mkono. Mama Nyuki akamwamini. Sasa wewe ungekuwa yeye, usingeamini?

Kikao kilifanyika nyumbani kwao, chumba cha mbele, cherehani imefunikwa shuka. Wifi alitaka mambo mawili, na aliyasema kabla hajakaa: mke arudi kwao, na mmea uchomwe moto mpaka mizizi. Fundi, ambaye tangu atoke hospitali alikuwa kwa dada yake akilishwa uji, aliingia na kofia imeshuka mpaka masikioni. Baba Mdogo akafungua kwa hotuba yake, akapita mbali, akarudi, hatimaye akasema, "Mwenye jambo ni huyu kijana wetu. Mwacheni aseme."

Mama Nyuki alikaa karibu na mlango wa jikoni. Alikuwa ametulia. Alikuwa amemngoja huyu mtu, na sasa amefika.

Fundi alikohoa. Akavua kofia. Kichwa kilikuwa kitupu kinang'aa, na watu wakaguna kwa huruma.

"Ndugu zangu," alisema, "nimepita mlango wa kifo. Na mtu akipita pale, moyo unalainika. Mke wangu..." Akasita. Macho yake yalikwenda kwa dada yake, yakaenda kwa Baba Mdogo, yakatua sakafuni. "Mke wangu hakukusudia. Kazi zile za uani zina mambo mengi, mtu anachoka, anasahau kunawa, anashika sufuria. Ni bahati mbaya. Mimi nimemsamehe. Simfukuzi."

Chumba kikalipuka. "Huyu ndiye mwanamume!" alipaza sauti Baba Mdogo. Jirani mmoja alifuta machozi. Hata wifi, aliyetaka mambo yake mawili, alitikisa kichwa na kusema kaka yake ana moyo wa ajabu, wangapi wangeweza?

Hasira ilimpanda Mama Nyuki kutoka miguuni. Kunawa! Yeye, wa glavu zisizovuka mlango! Alitaka kupiga kelele. Alitaka kuzimwaga zile mbegu zote katikati ya chumba. Lakini akajua: akipiga kelele, watasema msamehewa hana shukrani.

"Mama watoto," alisema Baba Mdogo, "mshukuru mumeo."

"Asante, mume wangu," alisema. "Mmekaa sana. Ngojeni niwaletee chakula."

Akaingia jikoni, akapakua wali kwenye sinia kubwa, akamimina mchuzi aliouchemsha tangu asubuhi, akaliweka katikati ya mkeka pamoja na birika la kunawia. Mvuke ulipanda. Baba Mdogo, ambaye hajawahi kuangalia sinia bila kulisogelea, aliikalia mikono yake. Jirani akasema amekula kwake. Mwingine akasema ana dawa anameza, hachanganyi. Wifi aligeuza uso ukutani.

Fundi alimeza mate. Alikuwa ameshinda juma baada ya juma na uji wa dada yake, uji mwepesi, hauna chumvi, na huu ulikuwa mchuzi wa mkewe. Akanawa. Akakata tonge la kwanza, akalichovya. La pili likafuata kabla la kwanza halijamalizika. Alikula kama mtu aliyerudi nyumbani, mashavu yamejaa, anafuta sinia kwa vidole, hanusi, haonji, hatazami ndani.

Wifi aligeuka kwa sababu ya ile sauti ya kula. Akamtazama. Akatazama sinia, akamtazama tena, na uso wake ukaanza kubadilika pole pole.

"Kaka," alisema.

"Mm?"

"Mbona huogopi?"

Tonge likasimama njiani. Chumba kizima kilikuwa kinamtazama yeye sasa. Baba Mdogo aliitoa mikono yake chini ya mapaja.

"Sisi wote tunaogopa," alisema wifi. "Mimi naogopa hata maji yake. Wewe ndiye uliyekaribia kufa, nywele huna, na unakula kama harusini. Mbona huogopi?"

Mama Nyuki aliinuka. Alikwenda kwenye droo ya cherehani, akaifungua, akachukua kastabini, akaiweka kwenye mkeka karibu na goti la mumewe. Unga ulikuwa bado umo, umeshika chini. Fundi aliitazama, akalirudisha tonge kwenye sinia.

Wifi alivuta birika. Akanawa mikono yake yote miwili, taratibu, mpaka kwenye viwiko. Akasogea kwenye sinia, akakata tonge kubwa, akalitia mdomoni, akalitafuna huku machozi yanamtiririka.

"Haya," alimwambia kaka yake. "Mimi nakula. Wewe sema."