Maneno Yenye X na Y

Jioni ile kaka mtu alivaa sweta mbili, na joto lilikuwa la kumvua mtu hata shati. Alizivaa kwa sababu mdogo wake alikuwa njiani kuja kuaga. Daktari alikwisha kumpa ukweli wake juma lililopita: ugonjwa umeenea, na dawa zilizobaki ni za kutuliza maumivu tu. Tangu siku hiyo alikuwa na neno moja la kumwambia ndugu yake, usiende, na kila akilikaribia aligeuzia mazungumzo kwingine.

Mdogo wake alikuwa fundi cherehani, mgane. Alimuuguza mkewe kwa muda mrefu, akalala kwenye mabenchi ya wodi mpaka walinzi wakamjua kwa jina, na siku ya maziko akasema mbele ya watu kwamba hospitali hataikanyaga tena, labda abebwe. Sasa binti yake aliyeolewa mbali alikuwa amemtengea chumba na kumkatia tiketi. Kesho asubuhi angeondoka, yeye na cherehani yake. Haya, mtu kama huyo utamwambiaje abaki akuuguze na wewe?

Fundi aliingia bila kubisha, kama kawaida yake, na kifurushi cha gazeti kilichofungwa kwa uzi. Akakiweka juu ya kabati.

"Usifungue mpaka niondoke."

"Kuna nini, nyoka?"

"Zawadi. Ukifungua mbele yangu utaanza kukosoa mishono, nakujua."

Wakaketi mezani, wakasogeza kopo. Kaka mtu alikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji, na kiwanda kilipofungwa aliondoka na vitu viwili: kamusi nene ya Kiingereza na kopo la herufi za risasi. Kwa vitu hivyo ndugu hawa walijitungia mchezo wao. Unachomoa herufi mbili, kisha kila mmoja anatoa neno la Kiingereza lenye zote mbili, na anasema maana yake. Uongo unaruhusiwa, kwa kweli ndio utamu wenyewe. Mwenzako akishuku, kamusi inafunguliwa, na anayeshindwa neno la mwisho anaosha vyombo. Watu wazima wenye mvi, wanagombania Kiingereza ambacho hakiwasaidii hata kununua nyanya. Lakini hawakuwa na njia nyingine ya kuzungumza. Hata habari ya kufiwa na mama yao waliiongea juu ya kopo hilo.

Zikatoka X na Y.

"Coccyx," fundi akaanza. "Kifandugu. Mfupa unaoukalia ukisubiri wateja wasiokuja."

"Kweli. Oxymel. Siki na asali, wazee wa zamani walikunywa kwa kikohozi."

"Uongo. Siki na asali, wapi na wapi?"

Kamusi ikafunguliwa, na siki na asali zilikuwamo. Fundi akakuna kichwa, akatoa xyst, akadai ni shuka la kufunikia maiti. Kaka yake akamwambia aache mambo ya maiti, hiyo ni varanda ndefu ya wanariadha wa kale. Wakacheka. Kaka mtu alicheka huku ameshika ubavu chini ya meza.

"La mwisho," fundi akasema. "Vyombo vinakungoja."

Kaka mtu alikuwa na neno hilo tayari. Alikuwa amelitafuta siku nzima, maana jambo ambalo hangeweza kulisema kama mtu, alidhani ataweza kulisema kama mchezaji.

"Cachexy."

"Maana?"

"Mwili kuisha kwa ugonjwa mkubwa. Unakula, lakini kilichomo ndani kinakula zaidi yako. Nyama inakwenda, nguo zinakupwaya." Akaisogeza kamusi. "Daktari aliniambia juma lililopita."

Fundi hakucheka papo hapo. Aliichukua ile X ya risasi, akaigeuzageuza vidoleni. Kisha akacheka.

"Siku hizi uongo wako una mashahidi, kaka."

"Fungua."

Akavaa miwani, akafungua, akapitisha kidole kwenye ukurasa. Alisoma muda mrefu kuliko maelezo yenyewe yalivyokuwa.

"Neno ni la kweli," akasema. Miwani hakuivua. "Na daktari?"

Basi hapo ndipo palikuwa pa kusema. Hakuna aliyemziba mdomo. Lakini kaka mtu aliutazama uso wa mdogo wake akauona ule ule wa kwenye benchi la wodi, uso wa mtu anayesubiri mlango ufunguliwe na anaomba usifunguliwe. Akamwonea huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko ubavu.

"Daktari nimemtia chumvi," akasema. "Umenikamata."

"Nilijua," fundi akasema upesi. "Vyombo ni vyako."

Akaosha bila kukunja mikono ya sweta, ikalowa mpaka kwenye viwiko. Nyuma yake fundi alizungumzia wajukuu bila kupumua. Mlangoni walishikana mikono tu.

"Nikifika nitapiga simu."

"Uje na neno."

Alipobaki peke yake alikata uzi wa kile kifurushi. Ndani mlikuwa na koti la kijivu lenye bitana safi, kazi ya majuma si ya siku. Tangu ujana mdogo wake ndiye aliyemshonea, na hakumpima kamwe. Mabega yake, kifua na urefu wa mikono alikuwa navyo kichwani. Kaka mtu alilitazama akajua litamning'inia. Mwili aliokuwa nao fundi kichwani haukuwapo tena.

Akavua sweta zote mbili, akalivaa, akafunga vifungo kimoja kimoja mbele ya kioo.

Halikupwaya popote. Mabega yalikaa, kifua kilishika, mikono iliishia kwenye vifundo vya mikono yake. Lilikuwa limekatwa kwa kipimo cha huyu huyu aliyekonda, tena kabla ya daktari kusema lolote.

Mdogo wake alijua. Alijua, akashona, akaaga.

Akakaa kitini na koti lake, katika joto lile, asilivue. Asubuhi gari lililombeba fundi lilipopita barabara kuu lilipiga honi, naye alikuwa bado amefunga vifungo vyote.