Vidole Vitano vya Mzee Ongeza

"Mvute kwako, kaka. Taratibu. Bega kwanza, halafu nyonga."

Nilimvuta Baba mpaka akalala ubavu, uso wake ukiegemea tumbo langu. Upande wa pili wa kitanda, nesi aliikunja shuka chafu kwa urefu, akaisukuma chini ya mgongo wa Baba, kisha akatandika shuka safi kwenye nusu ya godoro iliyobaki wazi.

"Mnanipindua kama sofa," alisema Baba kutoka kwenye shati langu.

"Sofa haisemi, mzee."

"Sofa mbovu inasema. Ukiikalia tu inalia. Hapo ndipo unaomba bei ipungue."

Tulimgeuza upande wa pili, juu ya ule mkunjo wa shuka mbili. Nesi akaitoa chafu, akaivuta safi mpaka ikanyooka. Kabla ya kumlaza chali alipitisha kiganja mgongoni, kwenye nyonga na visigino, akitafuta mahali palipoanza kuwa pekundu. Hapakuwepo. Kisha akaenda kusimama pale ambapo Baba angemwona bila kugeuza shingo.

"Haya, Mzee Ongeza. Nionyeshe."

Jina hilo Baba alikuja nalo kutoka dukani kwake, ambako kwa miaka mingi alinunua na kuuza samani zilizokwisha kutumika. Mteja akitaja bei, yeye alijibu, "Ongeza kidogo." Na kwa vidole ndivyo wanavyopima maumivu katika nyumba hii. Ngumi iliyofungwa maana yake huumwi. Kidole kimoja, maumivu madogo. Vidole vyote vitano, maumivu yasiyovumilika. Nesi anatazama mkono, anajua dawa atoe kiasi gani.

Baba alifungua vidole vyote vitano, macho yake yakiwa dirishani.

"Vitano?" Nesi alisubiri.

Kidole gumba kikajikunja. "Haya, vinne."

"Vinne kweli?"

"Kwa sababu ni wewe, vitatu. Chini ya hapo sishuki, binti yangu, nitafunga duka."

Nesi alicheka, akavuta dawa ya maji kwenye bomba dogo lisilo na sindano, akamtilia Baba pembeni mwa mdomo, akamfuta kidevu, akatoka na shuka chafu.

Nilikaa kwenye kiti. "Baba, unaumwa kiasi gani?"

Akakitazama kikombe cha maji kilichokuwa juu ya kabati. Mkono wake ukajifunga ngumi. "Siumwi. Nenda ukale."

Nami nilikuwa papo hapo kitandani alipomwonyesha nesi vitano.

Nyumba hii ni ya tiba shufaa. Wanaletwa watu ambao hospitali imeshawaambia ugonjwa wao hauponi. Kazi ya hapa ni moja: mtu asiteseke kwa muda uliobaki. Baba aliletwa wiki iliyopita, na mimi nimekuwa nikishinda naye kwa sababu kazi yangu, kutengeneza pampu za maji, inaweza kusubiri kidogo. Dada yangu mkubwa ana saluni upande wa pili wa mji, na kichwa cha mteja kikishalowa hakiachwi.

Alinipigia nikiwa bado nakitazama kile kikombe.

"Umeamua?" aliuliza. Nyuma yake mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inanguruma.

"Bado."

"Mdogo wangu, ile nyumba nyingine ya tiba wametushikia kitanda mpaka kesho mchana, basi. Wana daktari kutwa nzima. Jana nimekuja hapo, Baba kanionyesha vidole vitano. Vitano! Wewe ndiye unayeshinda hapo. Nijibu kitu kimoja tu: wanamtunza vizuri au hawamtunzi?"

"Kwako alionyesha vitano. Kwa nesi ameanza na vitano akashuka mpaka vitatu. Kwangu, ngumi."

"Ndiyo nini sasa?"

"Sijui ndiyo nini."

"Tangu utoto ukiulizwa chai au uji unaomba ukafikirie. Kesho mchana." Akakata.

Hakuna aliyenifundisha pampu. Nilijifunza kwa kufungua zilizokufa na kuzifunga tena, na kitu nilichobaki nacho ni kutohukumu kabla sijakagua sehemu zote. Kwa hiyo nilianza kukagua nyumba ile kama ningekagua pampu. Shuka zinabadilishwa kabla hazijanuka. Kengele ikipigwa, mtu anakuja. Akichelewa anasema kwa nini. Maji yapo mahali mkono unapofika. Mgongo mzima, visigino vizima. Mpishi anajua kwamba Baba hataki kitu chenye rojo. Hakuna anayemwita "mgonjwa wa kitanda cha dirishani". Wanamwita kwa jina lake la dukani, na yeye anaitika.

Yote hayo yalikuwa sawa. Lakini ni sawa na kuipenda pampu kwa rangi yake. Swali lilikuwa maji yanatoka au hayatoki, na hapo sikuwa na pa kuangalia ila mkono wa Baba, na mkono wa Baba ulikuwa na majibu matatu.

Nilitoka nikasimama kwenye korido. Mlango wa chumba ulikuwa na kioo kidogo. Sikuwa nimepanga kuchungulia, ila nilichungulia. Baba alikuwa amekunja uso, taya limekaza, mkono umeshika ukingo wa godoro. Nikaingia. Kabla mlango haujafunguka nusu, uso ulikuwa umeshanyooka.

"Umekula?" aliniuliza.

"Bado."

Nikatoka tena, nikachungulia tena. Safari hii alikuwa ametulia kabisa, anatazama mwanga wa jua ukutani, midomo inacheza kama mtu anayeongea na mteja. Nikazidi kuchanganyikiwa. Kama ningeangalia mara moja tu ningekuwa na jibu.

Ndipo nilipokumbuka macho. Kila alipotoa vidole, kwa nesi au kwangu, macho yalikuwa kwingine: dirishani, kwenye kikombe. Nilikulia kwenye lile duka. Baba akilitaka kabati la mtu, haliangalii kabati. Anaangalia kiti kilichovunjika pembeni, anauliza habari za kiti, na kabati analitaja wakati wa kuondoka kama mtu aliyesahau mwavuli. Na bei anayoitaja kwanza ni salamu tu.

Nilimkuta nesi kwenye chumba cha dawa, akiosha yale mabomba madogo.

"Sista, naomba nikuambie kitu kuhusu Baba. Sijui kama kina maana."

"Niambie."

"Baba hajawahi kutaja bei ya kweli mara ya kwanza, wala kukiangalia anachokitaka. Maisha yake yote. Nadhani kwenye vidole anafanya biashara."

Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akafunga bomba la maji.

"Na mimi namwambia 'vinne kweli?'" alisema. "Namsaidia kushuka."

"Ndiyo."

"Nikidhani namsaidia kufikiri." Alikausha mikono polepole sana. "Kwa hiyo wiki nzima nimekuwa nikimpa dawa ya bei ya mwisho."

"Hata ya mwisho sidhani kama tumeisikia."

"Haya, wewe umelelewa dukani. Ya kweli iko juu ya vitatu au chini?"

Nilifikiri. "Inategemea. Akiwa anauza, anaanza juu ya thamani. Akiwa ananunua, anaanza chini."

"Na kwangu anauza au ananunua?"

Kwa nesi vidole vilishuka kama vya muuzaji, lakini kwangu alianza na ngumi kama mnunuzi. Kama alikuwa anauza, basi maumivu yalikuwa madogo kuliko alivyosema, na dawa ilikuwa nyingi kuliko haja. Kama alikuwa ananunua, ilikuwa kinyume chake, na mtu alikuwa anateseka mbele yetu huku akitufanyia mizaha ya masofa.

"Sijui," nilisema.

"Hata mimi sijui. Nikikuambia najua, nitakuwa nakudanganya."

Maneno hayo yalinichanganya kuliko yote. Nilikuwa nimekuja kupima kama watu hawa wanaijua kazi yao, na huyu ananiambia hajui, tena bila kujitetea. Niliandike upande gani hilo?

Aliniambia turudi naye chumbani. Safari hii hakusimama. Alivuta stuli akakaa, uso wake ukawa usawa mmoja na uso wa Baba.

"Mzee, leo hakuna vidole. Nataka kukuuliza habari za dawa yetu. Unaionaje?"

Baba alikitafuta kikombe kwa macho. Nesi akakichukua kikombe, akakiweka sakafuni. Baba alimtazama, akatabasamu kidogo, kama mfanyabiashara aliyekutana na mwenzake.

"Dawa yenu inaniondoa dukani," alisema.

"Vipi?"

"Nikiichukua yote, silioni hata jua linavyohama hapo ukutani. Nafumba macho asubuhi, nafumbua mmewasha taa. Mwanangu amekuja, amekaa, ameondoka, mimi sipo. Nikichukua kidogo, nipo. Lakini meno yanachoka kwa kukazwa." Alipumzika. "Kwa hiyo natafuta bei ya katikati. Kuna ubaya?"

"Hakuna ubaya," alisema nesi. "Na mwanao kwa nini unamfungia ngumi?"

"Huyu akiona vidole hali. Mtazame mashavu."

"Na Dada?" niliuliza.

"Dada yako ameacha wateja, amepanda magari mawili. Nimpe kidole kimoja? Atasema alisumbuliwa bure."

Nesi alijitahidi asicheke, akashindwa. Mimi sikujua nifanye lipi.

"Sasa baba yangu," alisema nesi, "ukiweka pembeni mimi, mwanao na binti yako. Ya kweli ni vingapi?"

Baba alifikiri kweli, niliona. "Ya saa ngapi?" aliuliza.

Akafumba macho.

Nje, nesi alisimama akiegemea ukuta. "Daktari anakuja kesho asubuhi. Kuna namna ya kuigawa dawa kidogo kidogo, ili apate saa zake za kuwa macho bila kukaza meno. Nadhani inawezekana." Akashusha sauti. "Lile swali lilitakiwa kuulizwa siku aliyofika. Tulimuuliza anaumwa kiasi gani. Hatukumuuliza anataka nini."

Aliondoka kuitikia kengele. Nilibaki nikihesabu kama hilo ni la kuwasifu au la kuwalaumu, na kila nilipofika mwisho wa hesabu nilianza upya.

Kabla ya kumpigia Dada, niliipigia ile nyumba nyingine. Aliyepokea alikuwa na sauti ya upole na haraka. Nilimuuliza swali moja: wenyewe wanapimaje maumivu? Alinijibu bila kusita. Nikashukuru.

Kisha nikamweleza Dada yote, kwa mpangilio, tangu shuka mpaka kikombe sakafuni. Mashine ya nywele ilizimwa katikati ya maelezo.

"Kwa hiyo wamekosea wiki nzima," alisema, "na wewe unawasifu?"

"Siwasifu. Wala siwalaumu. Nakueleza."

"Nilipanda magari mawili!"

"Ndiyo maana ukapewa vitano."

"Huyu mzee..." aliguna. "Na kule kwingine? Kule wasingedanganywa hivi."

"Nimewapigia. Wanapima kwa namba. Sifuri mpaka kumi."

Kwa mara ya kwanza tangu Baba aletwe hapa, nilimsikia Dada akicheka, kile kicheko chake kinachoanzia puani.

"Kumi! Wampe Baba kumi! Watauza mpaka jengo!"

Alicheka mpaka nikasikia kwamba hacheki tena.

"Kitanda ni mpaka kesho mchana," alisema baadaye. "Mimi bado siwaamini hao wako."

"Hata mimi sijamaliza. Njoo kesho asubuhi, wakati wa daktari. Wewe, mimi, nesi, tusimame pamoja, tumuulize kwa pamoja. Wateja watatu wakisimama mlangoni kwa wakati mmoja hawezi kuwatajia bei tatu."

"Na nikimwona anateseka?"

"Tutamhamisha. Nitambeba mwenyewe."

"Nitafunga saluni," alisema. Najua hilo kwake lina uzito gani.

Niliporudi chumbani Baba alikuwa macho. Nilimwambia kwamba kesho tunakuja wote watatu pamoja, na daktari juu.

"Wote watatu?" Aliupitisha mkono kidevuni, ukakwaruza. "Basi ninyoe. Siwezi kufungua duka hivi."

Nilichota maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, nikamtandika taulo shingoni, nikampaka povu. Nilianza na shavu la kulia, nikiivuta ngozi kwa vidole viwili ili wembe upite bila kumkata, kwa sababu siku hizi ngozi yake ni nyingi kuliko uso. Alinielekeza mara mbili, akanitania kwamba kinyozi wa kweli angekuwa ameshamaliza na kudai chake. Nilipofika chini ya kidevu, hakusema tena. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Taya lilikuwa limelegea.

Kifua kilipanda na kushuka taratibu. Sikujua kama amelala kwa dawa, au kwa kuchoka, au kwa sababu alikuwa amesema alichokuwa nacho. Mkono wake ulikuwa juu ya taulo, haukuwa ngumi wala haukuwa vidole, ulikuwa mkono tu.

Nililifuta povu kwenye shavu la kushoto, ndevu zikabaki pale zilipokuwa. Nikausuuza wembe, nikauweka kwenye bakuli pamoja na brashi, nikakiokota kikombe sakafuni, nikakirudisha juu ya kabati. Shavu lile ningelimalizia asubuhi, kabla Dada hajafika.