Majani Kwenye Kioo

Mzee Ambilikile alipoteza zamu yake kwa mara ya tatu akiwa ameishika simu mkononi na anaitazama. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Nilimwona kwa macho yangu.

Zamu yenyewe ni ya kutoka kwenye yadi ya Mpemba kwenda mpakani. Malori yanayovuka kuingia Zambia hujipanga humo, na lori likiitwa, dereva asipojitokeza ndani ya dakika kumi, linarudishwa mkiani. Kurudishwa mkiani maana yake ni siku mbili nyingine za kulala kwenye kabini na kuogea maji ya dumu. Mzee Ambilikile alikuwa na saruji ya kupeleka Kasama, na siku hiyo alikuwa anatimiza ya saba.

Kabla yangu, zamu ziliitwa na dada Nesta kwa filimbi na daftari. Alizunguka yadi nzima tangu asubuhi, lori kwa lori, mpaka magoti yakaanza kumgomea. Ndipo chama cha madereva kikaniita mimi, Tumpale, niliyekuwa nimetoka kumaliza stashahada ya kompyuta Mbeya. Nikawatengenezea programu ya simu. Zamu yako ikifika, simu inatetemeka na kisanduku kinaruka katikati ya kioo, kikiwa na swali moja na vitufe viwili vya kujibia. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza.

Maneno ya kisanduku kile niliyapigania. Kile kinachokuja tayari na simu huongea kama karani aliyechoka: "Je, ungependa kuendelea?" Kuendelea na nini? Nikayafuta yote. Nikaandika: "Zamu yako imefika. Unaondoka?" Na chini yake, "Naondoka" na "Nirukeni". Kiswahili kimenyooka. Nilijua hakuna dereva atakayeniambia hakuelewa.

Kweli, hakuna aliyeniambia hakuelewa. Hawakusoma.

"Mzee, kisanduku kilikuja," nilimwambia siku ile.

"Kilikuja," akakubali. "Nikakifukuza."

"Bila kukisoma?"

"Mwanangu, kwa siku vinakuja vingapi? Cha kubeti, cha bando, cha kuniambia simu imejaa. Nikivisoma vyote nitaendesha saa ngapi?" Akaninyanyulia kidole gumba. "Hiki kinajua chenyewe. Kikigusa pembeni, kisanduku kinakufa."

Alikuwa sahihi. Kisanduku cha kawaida ukikigusa nje ya ukingo wake hupotea, na programu yangu ilihesabu kupotea huko kama mtu amekataa zamu. Kidole cha mzee kilikuwa kimekataa mara tatu, mwenyewe hana habari.

Mwenyekiti wa madereva, Seleman, ni mtu wa Tanga aliyehamia Tunduma miaka mingi. Hapandishi sauti hata akikasirika, na hilo ndilo linalotisha.

"Binti," akasema, "Jumamosi tunaita malori kumi na mawili. Mzee Ambilikile nimemweka wa mwisho ili upate muda. Akikosa tena, Jumatatu Nesta anarudia filimbi yake, na wewe tunakushukuru, kwa heri."

"Na magoti yake je?"

"Magoti yake ndiyo yanayokuomba ufanye kazi. Mimi nimeyasemea tu."

Ilikuwa Jumatano.

Jambo la kwanza nilikifunga kisanduku kisipotee kwa kuguswa pembeni. Hilo ni mstari mmoja tu wa maandishi. Alhamisi asubuhi nikakijaribu kwa madereva watano. Wote walibonyeza kitufe kilichokuwa karibu na gumba na kuendelea na soga zao. Kwa mujibu wa simu, malori matano yalikuwa njiani kwenda mpakani. Kwa mujibu wa macho yangu, wenye malori walikuwa wanacheza drafti.

Nikaona basi tatizo ni sura. Wengi hawajui kwamba kisanduku kina sura ya kuchongwa. Rangi yake, unene wa herufi, pembe zake ziwe kali au za mviringo, giza linaloshuka nyuma yake, upande kinakotokea: vyote viko mikononi mwa anayekiandika. Nikakipaka chekundu, herufi nene. Dereva wa kwanza kukiona alikifunga kwa kasi kuliko kile cha zamani.

"Hawa watu wa kubeti wamezidi," akasema.

Mchana nikaja na kingine. Nilikipamba nikapitiliza, nakiri: ukingo wa dhahabu, maua kwenye pembe, herufi za kulala. Dada Nesta alikitazama akacheka mpaka akashika goti.

"Mdogo wangu, hii ni kadi ya mchango wa harusi. Dereva akiona dhahabu na maua anajua kuna binamu wa mtu anaoa. Anaifunga kabla haijamwona."

Tulikijaribu hata hivyo. Kilifungwa na wote watano, na mmoja alizima kabisa simu.

Ijumaa asubuhi nilipanda bodaboda kwenda mjini kwa fundi mmoja wa simu, nikamwombe ushauri, ingawa nilijua hana. Tulipoacha nyumba za Mpemba nyuma yetu, pikipiki ikapunguza mwendo. Sikuona sababu. Kisha nikaona tawi la mkaratusi limelala katikati ya lami. Hatua kadhaa mbele, jingine. Kisha la tatu, kubwa zaidi. Na baada ya kona, lori limekufa, miguu ya fundi inachungulia chini ya uvungu.

"Umejuaje?" nikamuuliza mwenye bodaboda.

"Majani," akajibu, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa amejuaje kwamba ni mchana.

Nikamwomba anishushe. Nikasimama kando ya barabara karibu saa nzima, na safari ya mjini ikaishia hapo.

Mimi ni mtoto wa mkoa huu. Majani ya kuonya barabarani nimeyaona tangu nazaliwa, na ndiyo maana nilikuwa sijawahi kuyaona. Yalikuja malori ya Zambia, yakaja ya Kongo, likaja basi la Mbeya limejaa abiria, gari dogo, trekta. Wenye kusema Kibemba, wenye kusema Kinyiha, wenye kusema lugha nisizozijua. Kila mmoja alipofika kwenye lile tawi la kwanza, kabla hata hajaliona lori, gari liliinamisha pua na mngurumo wake ukashuka. Hakuna aliyebisha. Hakuna aliyepita kwa kasi. Barabara nzima ilikuwa inasoma, na hapakuwa na herufi hata moja.

Mimi niliyejisifia maneno, niliyetupa sentensi za watu na kuweka zangu, nilisimama pale mdomo wazi mbele ya majani ya mkaratusi. Nikavunja kitawi kimoja kwenye mti, nikarudi Mpemba kwa miguu.

Nilikipiga picha juu ya shuka jeupe, nikakikata umbo lake, nikakiweka ndani ya programu. Kazi ikanichukua mpaka jua linaelekea kuzama. Kioo kinaanza kufifia polepole, chochote kilichokuwa kinaonekana kinarudi nyuma. Tawi la kwanza linaanguka chini kabisa, karibu na kidole. La pili juu yake, dogo kidogo. La tatu juu zaidi, dogo zaidi, kama yanavyoonekana kutoka kwenye usukani. Kisha, kule yanakoelekea, kisanduku kinainuka: cheupe, hakina pambo, na maneno yangu yaleyale. Sikubadilisha hata neno.

Seleman aliitazama mara mbili. Mara ya tatu akauliza:

"Na mtu akishajibu, haya majani yanakwenda wapi?"

"Yanabaki kidogo, kisha kioo kinarudi kama kawaida."

"Yanabaki." Alinitazama kama vile nimemtemea mate kiatuni. "Binti, dereva akishatengeneza gari lake akaondoka bila kuyatoa majani barabarani, tunamtukana kuanzia hapa mpaka Kapiri Mposhi. Mtu ataona majani, atapunguza, hakuna kitu. Kesho hatapunguza. Yaondoe. Yaondolewe, mtu aone yameondolewa."

Sikuwa nimelifikiria. Nikakaa tena chini. Nilipomaliza, ukibonyeza kitufe chochote, matawi yalisogezwa moja moja pembeni mwa kioo, la mbali kwanza, la karibu mwisho, ndipo kisanduku kikashuka.

Jumamosi saa tatu asubuhi dada Nesta alianza kuita kwa simu yake, amesimama nami chini ya kivuli cha tangi la maji. Dereva wa kwanza akatoka. Wa pili akabonyeza "Nirukeni", akaja mwenyewe kueleza kwamba tairi lake halina upepo. Kufikia saa sita walikuwa wamejibu kumi na mmoja, na wote walikuwa wamefanya walichojibu. Sikufurahi. Hao walikuwa wanajua kwamba wanaangaliwa.

Mzee Ambilikile hakuwa anajua lolote. Alikaa juu ya dumu lililopinduliwa kando ya lori lake, anatafuna hindi la kuchoma, simu imeegemea goti, anatazama magoli ya jana. Gumba lilikuwa hewani tayari, juu kidogo ya kioo, kama kawaida yake.

Tulinyata mpaka nyuma yake. "Namwita," dada Nesta akanong'ona, akabonyeza.

Seleman alikuwa amesogea upande wa pili. Sote watatu tulilitazama gumba.

Gumba halikushuka. Mpira ukafifia, tawi la kwanza likaanguka, na taya la mzee likaacha kutafuna. Kisha nikaona kitu ambacho sikukiandika popote. Mguu wake wa kulia, uliokuwa umetulia ndani ya kandambili, ulisogea mbele taratibu na kukandamiza ardhi. Kwanza kidogo. Tawi la pili likaanguka, ukakandamiza zaidi. La tatu, kisigino kikazama kwenye vumbi na goti likakaza. Mwenyewe hakujua. Macho yake yalikuwa kwenye kioo.

"Nani kaharibikiwa humu?" akauliza.

Kisanduku kikainuka. Mzee akaweka hindi juu ya tairi, akafuta mkono kwenye suruali, akatoa miwani mfukoni. Akasoma kwa sauti, kwa mwendo wa watu wa Ileje, akivuta kila neno mpaka mwisho wake: "Zamu yako imefika. Unaondoka?"

Akafikiri.

"Aa. Ni mimi," akasema, akabonyeza.

Matawi yakaanza kusogezwa pembeni, moja moja. Hayo ndiyo aliyoyatazama kwa muda mrefu kuliko yote. Lilipotoka la mwisho akainua uso, akamwona mwenyekiti.

"Sele, yameondolewa," akamwambia kwa sauti ndogo.

"Nimeona, mzee. Nenda. Umebakiwa na dakika nane."

Akapanda. Lori likakohoa, likawaka, likapita langoni na saruji yake. Dada Nesta akaenda taratibu kwenye dumu alilokuwa amekalia mzee, akakaa, akanyoosha miguu yote miwili mbele yake, simu mkononi.

"Jumatatu anaanza nani?" akauliza. "Nitamwita nikiwa hapahapa."

Seleman alikuwa ameinama anatazama lile shimo dogo ambalo kisigino kilikuwa kimelichimba.

"Umemfungisha breki mtu aliyekaa kwenye dumu," akaniambia.

Nami nikainama kutazama.