Dada Hafuati Mdogo Wake

Hasira zangu ni kwa dada yangu. Bosi Kola simlaumu sana, maana ule uso mkavu alizaliwa nao.

Bosi Kola ni mwenyekiti wa ushirika wetu wa ushonaji. Jina tulimpa sisi, kwa zile kola anazotia wanga mpaka shingo haigeuki. Uchaguzi uliopita zaidi ya nusu yetu tulimkataa, na bado akapita! Wengine tulimpa kura mpiga pasi, wengine mama wa vifungo, yeye akapenya katikati akichekelea. Sasa anataka chumba cha watoto, wanamolala wachanga wetu tukiwa kwenye cherehani, arundike majora yake ya vitambaa. Mwanangu hajaanza hata kutembea. Nimpeleke wapi? Nimtie kwenye droo ya nyuzi?

Basi nikasimama kikaoni kuomba tubadilishe upigaji kura kabla ya uchaguzi mwingine. Nikaeleza polepole, na mimi si mtu wa polepole. Unaandika unayemtaka kwanza, halafu wa pili, halafu wa tatu. Asipopatikana aliyevuka nusu, wa mwisho anatoka, na kura zake zinakwenda kwa yule aliyeandikwa wa pili kwenye karatasi hizo. Mpiga pasi akitoka, watu wake wanahamia kwa mama wa vifungo, na Bosi Kola anakwenda nyumbani.

"Hesabu za kichawi hizo," Bosi Kola akasema. "Mtu mmoja, kura moja."

"Ni hiyo hiyo moja! Inahama tu, isipotee bure!"

Ndipo akasimama dada. Dada wa tumbo moja, mashine yake iko mbele ya yangu, na anamchukia Bosi Kola kuliko mimi. Nikajua ananiunga mkono. Wapi! Eti kuorodhesha kutawachanganya watu, afadhali wawili wa juu wapigiwe kura tena siku nyingine.

"Siku nyingine atakuja nani, dada? Huyu ana mgonjwa, yule ana oda ya watu."

"Usinipandishie sauti. Mimi ndiye niliyekufundisha kushika sindano."

Bosi Kola akasugua viganja. Njia ziko tatu, akasema, na kila mtu atanyoosha mkono mara moja tu.

Njia ya zamani ikapata mikono kumi na tisa. Kuorodhesha, kumi na sita. Waliobaki walikuwa dada na wenzake, kumi na tano kwa jumla, mikono bado mapajani. Wao peke yao wasingefika popote. Lakini wakija kwetu wanne tu, tumeshinda.

"Dada, nyoosha mkono sasa," nikasema mbele za watu, bila haya. "Wenzako watakufuata. Nakuomba."

Akanitazama. Alijua. Naapa alijua.

"Mimi nimfuate mdogo wangu?"

Akangoja njia yake itajwe, ndipo akanyoosha mkono juu kabisa.

"Wengi wamesema," Bosi Kola akatangaza. Wengi gani, ebo! Kumi na tisa kati ya hamsini! Niliweka mkasi chini, nisije nikafanya jambo. Uchaguzi ukaja, Bosi Kola akapita vile vile, na kesho yake majora yakaingia chumbani.

Asubuhi hiyo dada akageuka kwenye kiti chake. "Lakini mdogo wangu, hata njia yangu ilikuwa nzuri."

Nikamfungua mwanangu mgongoni, nikamketisha mapajani mwa dada, juu ya sare aliyokuwa anashona.

"Mshike. Nina kazi."

"Una wazimu? Nitashonaje na mtoto?"

"Jiulize."

Akafungua mdomo kunitukana, ndipo akatazama nyuma yangu. Alikuwa amesimama jirani yake wa upande wa kushoto, yule yule aliyenyoosha mkono pamoja naye. Alimweka mwanawe chini, karibu na miguu ya dada, akarudi kwenye cherehani yake.